Mwaka Walipombadilisha Mjomba kwa Straika

Juzi nilikuwa Homa Bay mjini kwa shughuli zangu, nikaingia mahali pa kula samaki karibu na gati, njaa imenishika kweli kweli. Samaki akaletwa mzima, mkia umetoka nje ya sahani, na ugali wa moto, na sukuma iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Nilikuwa nimeshanawa mikono. Meza ya nyuma yangu walikaa vijana wenye jezi za timu za Ulaya, kila mmoja na simu yake, wanabishana kuhusu usajili. Wewe mwenyewe unayajua mabishano hayo. Ligi imefungwa, hakuna mechi, basi watu wanacheza mpira kwa mdomo.

"Huyo tumuuze," mmoja akasema. "Amezeeka. Tumuuze saa hii kabla hajaisha kabisa."

"Hata bure tumtoe, omera," mwenzake akajibu. "Tulete yule mwingine."

Walikuwa wanamzungumzia mtu mzima, mwenye mama yake mahali fulani duniani, kama mbuzi aliyeacha kutoa maziwa. Nilimtazama samaki wangu na hamu ikaniisha. Mwenye hoteli alipoona nimesukuma sahani aliniuliza kama samaki ana kasoro. Nikamwambia samaki yuko sawa, anifungie nimpelekee mtu nyumbani. Nisingeweza kumweleza kilichonikera. Lakini wewe nitakueleza, maana tumejuana siku nyingi na najua hutanicheka.

Mimi nimelelewa na nyanya, mama yake mama yangu, katika ufuo mmoja upande wa Mbita. Nyumba ilikuwa ya mabati, imeinama kidogo upande wa ziwa, na nje palikuwa na nyavu kuukuu zilizotandazwa chini za kuanikia omena, wale dagaa wa ziwa. Nikifumba macho sasa hivi naisikia ile harufu. Watu wa mjini husema omena inanuka. Sisi tulisema inanukia, maana harufu ile ndiyo iliyotununulia madaftari na sabuni. Kazi yangu ilikuwa kuwageuza omena kwa ufagio laini wakauke pande zote, na kuwafukuza kunguru. Kunguru wa bichi, ndivyo tulivyouita ufuo wetu, ni wezi wenye akili. Wanakutazama usoni kwanza, wakiona umezubaa ndipo wanashuka.

Tulikuwa sisi wanne ndani ya nyumba ile: nyanya, mama mdogo ambaye alikuwa kitinda mimba wake na ndio kwanza amemaliza shule, mjomba, na mimi. Mjomba alikuwa kipa wa timu ya bichi. Alikuwa na mikono mirefu hivi kwamba nyanya alisema Mungu alikuwa anachonga makasia, akabadili nia katikati. Ukimrushia kitu chochote, chungwa, mwiko, kiatu, alikidaka bila kugeuza kichwa. Aliniita okewa, jina ambalo kwetu mtu humwita mtoto wa dada yake, na kila alipolitamka nilijiona mtu wa maana kuliko mwalimu mkuu.

Timu yetu ilikuwa na sheria moja ambayo nadhani huwezi kuikuta kwingine. Asiyevuta wavu havai jezi. Miaka ya nyuma, kabla sijazaliwa, mabwana wakubwa walileta wachezaji wa kukodi kutoka mjini, wakachukua kombe, wakaondoka nalo. Tangu hapo ikakatwa kauli kwamba mchezaji wa bichi lazima awe na nafasi yake ndani ya boti, avue kama wengine, mikono yake inuke samaki. Kwa hiyo kumsajili mchezaji kwetu kulikuwa kumtafutia boti. Na ukitaka kumleta mtu mpya, sharti mwingine atoke, kwa sababu boti haina kiti cha ziada.

Kila mwaka serikali ilipofunga uvuvi wa omena ili samaki wazaane, boti zilipinduliwa mchangani na wavuvi wakakaa bure. Hapo ndipo uchafu ulipoanza. Asubuhi ungesikia nyundo zikigonga pamba kwenye nyufa za mbao, harufu ya lami inachemka, redio inakohoa kwa mbali. Kufikia saa nne nyundo zimenyamaza na mashabiki wamekaa juu ya matumbo ya boti kama kuku kwenye ua. Mwenyekiti wao alikuwa fundi cherehani wa sokoni, yule aliyeshona jezi. Hakuwa na boti, hakuwa amewahi kuvua hata kambare, na mpira ulipomfikia miguuni aliurudisha kwa mkono. Lakini maneno! Angekuambia winga wa bichi ya tatu amelala na nani na amekula nini. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Mimi nasema beki ya kushoto tuitoe," angeanza hivyo, uzi bado umening'inia mdomoni. "Inakula sana na haikimbii."

"Yetu ya kushoto?" mwingine angeruka. "Wewe uko na wazimu? Toa hiyo winga yenu ya kupenda wasichana!"

Na yule beki wa kushoto amekaa hapo hapo, anashona wavu, anasikia. Hilo ndilo lililonitia kinyaa hata nikiwa mdogo. Walikuwa wakimtaja mtu mbele yake kana kwamba ametoka nje. Mwalimu mmoja wa shule yetu alikuwa anachora uwanja mchangani kwa kijiti, anaweka mawe kuwa wachezaji, na wakibishana wanalichukua jiwe la mtu wanalitupa majini. Jiwe linazama, watu wanacheka, na mwenye jiwe naye analazimika kucheka ili asionekane mdogo.

Sasa nikueleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaona kwa nini nina hasira mpaka leo. Pale ufuoni wanaume huvua, wanawake hununua, hukausha na kuuza. Boti zikirudi alfajiri, kina mama husimama majini hadi magotini na mabeseni yao. Mwenye mtu wake ndani ya boti hujaziwa kwanza. Asiye na mtu hupewa mabaki, au haambiwi kitu, au huambiwa mambo mengine ambayo mwanamke mwenye heshima hayajibu. Nyanya alikuwa mjane. Mjomba ndiye alikuwa mtu wetu. Kila tulichokula kilipitia mikono ile mirefu.

Mwaka ninaousema, mashabiki walikuwa wamechoka kushindwa. Timu ilikuwa haifungwi, kwa sababu ya mjomba, lakini pia haifungi. Sare, sare, sare. Mwenyekiti akaja na habari kwamba upande wa Awendo, kwenye timu ya wenye malori ya miwa, kuna straika kutoka milima ya Isebania, Mkurya, ana guu la kushoto la kuvunja mlango. Wale wa malori walikuwa tayari kumtoa, lakini walitaka kipa. Walitaka kipa wetu.

Wakabishana wiki nzima juu ya boti zile. Mimi nilikuwa nageuza omena wa mwisho waliobaki na kila neno lilinifikia. Kipa si mtu, walisema, kipa anangoja tu, straika anatafuta. Kipa unaweza kumpata popote, hata mtu mnene ukimsimamisha golini anaziba. Mjomba mwenyewe hakuwepo, alikuwa Mbita mjini akingoja injini ya boti itengenezwe. Asiyekuwepo na lake halipo. Walipiga kura kwa kelele, na waliopiga kelele zaidi wakashinda.

Jioni hiyo mwenyekiti alikuja nyumbani akiwa ameshika kofia mkononi. Nyanya alikuwa anachambua mrenda. Mwenyekiti akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa.

"Mama," akasema, "kijana ameomba kwenda Awendo. Anasema huko kuna kazi ya mshahara, mwisho ya mwezi unapata. Anaona haya kukwambia mwenyewe."

Nyanya hakuinua macho. "Amesema hivyo?"

"Amesema. Na ameomba nguo zake tu, gari inampitia huko Mbita. Lakini usiogope. Kuna kijana mwingine anakuja kukaa kwa boti mahali yake. Atalala hapa kwako, atakuletea samaki. Ni mtoto kwa mtoto, mama. Hakuna kitu umepoteza."

Simu zilikuwa chache wakati huo. Nyanya hakuwa nayo, mjomba hakuwa nayo. Nyanya alimaliza kuchambua mboga yake jani kwa jani. Kisha akaingia ndani, akatoa nguo za mjomba zote, akazifua usiku ule ule, na asubuhi zilipokauka akatia makaa kwenye pasi akazipiga pasi moja moja, hata suruali ya kuvulia samaki. Akazikunja, akazipanga ndani ya mfuko. Sikuwahi kumwona akipiga pasi nguo ya kazi. Mama mdogo alitaka kusaidia akafukuzwa.

Straika akaja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini, rafiki yangu, kijana mwenyewe hakuchukiza. Alikuwa mpole, mfupi, mapaja kama magogo. Hakujua Kijaluo hata neno, na hivyo Kiswahili kikaingia nyumbani kwetu kupitia kwake. Nyanya alitoa kile Kiswahili chake cha sokoni alichokipata akiuza omena Isebania, wakaelewana vizuri tu. Kijana alipasua kuni, aliteka maji, alisonga ugali mgumu mpaka mama mdogo akaona aibu. Alimwita nyanya mama. Usiku alilala kwenye mkeka wa mjomba, na mimi nilikuwa nikipita pale asubuhi nikiona miguu mifupi mahali pa miguu mirefu.

Kule uwanjani mashabiki walikuwa wamepagawa. Kijana alipopiga shuti la kwanza la mazoezi mpira ulitoboa wavu wa goli, wavu wenyewe wa samaki, ukaenda kuangukia sufuria ya mama wa mandazi. Waliimba njia nzima. Mwenyekiti alitembea mbele kama bwana arusi.

Kisha ziwa likafunguliwa. Jioni hiyo boti zote zilishushwa majini, lami mpya inang'aa, wanawake wanapiga vigelegele. Straika akapewa kasia la mjomba. Akasimama kwenye mchanga akiangalia maji. Mwenye boti akamwita, kijana akacheka kidogo, akaingia. Boti haikufika hata kwenye mawe yaliyo karibu na ufuo. Tuliona wote inageuka, na ndani yake yule kijana amejikunyata sakafuni, ameshika mbao kwa mikono miwili, anatapika na kulia kwa sauti akimwita mama yake kwa lugha yao.

Hebu fikiria. Wiki nzima wamepima guu lake la kushoto, guu lake la kulia, kichwa chake, mbio zake, hasira zake. Wamejua anavaa kiatu namba gani. Watu waliozaliwa juu ya maji, wenye sheria ya boti, hawakumuuliza mtu wa milimani swali moja tu: umewahi kupanda boti? Kwao kupanda boti ni kama kutembea, nani huulizwa kama anatembea? Alipobebwa mpaka nchi kavu na kupewa maji ya ndimu, mwenyekiti alimwinamia akamuuliza kwa nini hakusema.

"Mimi niliambiwa kuna ziwa," kijana akajibu. "Sikuambiwa naingia."

Walimjaribu tena na tena. Walimfunga kamba kiunoni, walimpa tangawizi atafune, mmoja akamshauri afumbe macho. Ilikuwa vile vile. Asiyevuta wavu havai jezi, na wenye boti hawakutaka kusikia habari ya kulegeza sheria, maana ukimwachia mmoja acheze bila kuvua, kesho nani atavua? Basi mashabiki wakarudi juu ya boti zao wakaanza mjadala mpya, tumpeleke kwa nani, tumbadilishe na nani. Kijana wa watu amekaa kwetu jikoni, anamenya viazi, machozi yanamtiririka.

Na sisi hatukuwa na mtu majini.

Asubuhi ya kwanza nyanya alisimama na beseni lake mahali pake pa siku zote. Boti ikafika, kina mama wakajaziwa, yeye akarukwa. Asubuhi iliyofuata hivyo hivyo. Omena walikuwa wengi, wanameta, wanamwagika hata pembeni, na beseni la nyanya likarudi na maji ya ziwa. Nyavu zetu za kuanikia zilikuwa tupu hata kunguru wakatuhama. Tulikula ugali kwa mrenda, kisha ugali kwa chumvi. Nyanya akamfuata mwenyekiti akamwambia, kijana uliyeniletea hawezi maji, na mimi nitafanyaje? Mwenyekiti alikuwa anapima suti ya mtu. Akasema, bila kutoa futi ya kupimia shingoni, kwamba suala hilo liko mezani na kamati italiangalia.

Siku moja nilikwenda na nyanya majini. Mwenye boti, yule yule aliyekuwa akimwajiri mjomba, mtu aliyekula kwetu mara nyingi, aliruka nje ya boti akaja karibu.

"Samaki iko, mama," alisema kwa upole. "Hata beseni mbili. Wewe tuma tu yule msichana wako akuje jioni achukue."

Sikuelewa wakati ule. Niliona tu ni habari njema, nikamvuta nyanya kanga nikamwambia tumtume mama mdogo. Nyanya aliinamisha beseni, akalisuuza, akaliweka kichwani likiwa tupu, akapanda mteremko bila kugeuka. Sasa naelewa, na nikikumbuka lile tabasamu la mwenye boti natamani kutema mate. Kipa alipokuwa kazini mtu huyo alimwita nyanya mama na akamwangalia mama mdogo kama dada yake. Kipa kuondoka tu, hesabu ikabadilika.

Usiku nyanya hakulala. Asubuhi alivaa gauni la kanisani akaniambia, "Vaa viatu. Tunaenda Awendo." Hakwenda kugombana. Alikwenda kumwomba mwanawe aache mshahara arudi, na najua jambo hilo lilimchoma, maana nyanya hakuwa mtu wa kuomba. Njia nzima alikuwa akisogeza midomo, anapanga maneno.

Awendo ilinukia utamu uliooza. Malori yamejipanga barabarani, miwa imelundikana juu mpaka unashangaa haijaanguka, watoto wanachomoa mmoja mmoja kwa nyuma wanakimbia. Tukauliza uliza mpaka tukaelekezwa kwenye uwanja wa kupakia. Mjomba alikuwa pale, amejaa masizi ya miwa iliyochomwa, amekonda. Nikamkimbilia akanibeba akaniita okewa, lakini alipomwona nyanya alinishusha chini. Alisimama mbali, mikono nyuma, kama mtu anayesalimiana na afisa.

"Mama. Umenifuata nini?"

"Nimekuja kukuona."

"Si uko na kijana mwingine?"

Nyanya alikuwa ameyapanga maneno, lakini jibu la swali hilo halikuwamo. Mjomba akaendelea.

"Mwenyekiti alinikuta kwa fundi wa injini. Akaniambia mama yako ametoa wewe. Ati mama anasema mwenye straika nyumbani ni mkubwa kuliko mwenye kipa. Mimi nikakataa, nikasema mama hawezi. Akasema ngoja uone, hata nguo zako zinakuja." Akapangusa masizi usoni. "Na zikakuja. Ulikunja vizuri, mama. Ulipiga hata pasi."

Nyanya alikaa chini pale pale, kwenye majani makavu ya miwa, na gauni lake la kanisani. Sijawahi kusahau jinsi alivyokaa, polepole, kama mtu anayejishusha ndani ya maji.

"Aliniambia wewe ndiye umeomba," akasema. "Kwamba unanionea haya. Nilipiga pasi ndio ujue bado una kwenu."

Lori lilikuwa linanguruma, mtu anapiga mluzi, mjomba akapiga magoti akaweka kichwa chake chenye masizi kwenye bega la mama yake, na gauni likaharibika kabisa. Nililia kwa sababu wao walilia. Baadaye ndipo nilipopata akili ya kukasirika. Mtu mmoja, kwa ajili ya goli ambalo hata yeye hangelifunga, alibeba uongo huku akabeba uongo kule, na mama na mwana wakakaa miezi mizima kila mmoja akiamini ametupwa na mwenzake. Hata katika wizi wa kunguru hakuna ubaya wa namna hiyo. Kunguru huiba kwa sababu ana njaa.

Mjomba alirudi wiki hiyo hiyo. Nyanya alimfungia straika omena wa dukani, maana sisi hatukuwa nao, akamsindikiza mpaka barabarani, na kijana akainama akashika miguu ya nyanya kwa shukrani. Naye alikuwa amedanganywa kama sisi. Na wale mashabiki? Walimpokea mjomba kwa filimbi na matawi! Walimbeba juu juu kutoka njia panda, wanaimba kipa amerudi, kipa amerudi. Mwenyekiti akapanda juu ya jiwe akatangaza kwamba yeye alijua tangu mwanzo. "Hiyo ilikuwa mkopo tu," akasema. "Watu hawakuelewa."

Mjomba alishuka mabegani mwao, akapangusa suruali, akaja nyumbani. Kesho yake akaingia kwenye boti ya mtu mwingine na beseni la nyanya likajaa. Lakini golini hakurudi tena. Walikuja vikundi vikundi kumbembeleza, wakaleta hata mchungaji. Mwisho wakakaa juu ya boti zao, msimu mzima uliofuata, wakijadili swali zito: asiyevuta wavu havai jezi, je, anayevuta wavu anaweza kukataa jezi? Mwalimu alichora sana mchangani mwaka huo.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilikuwa na desturi yake. Hakuna mtu aliyebebewa maneno. Ukitaka chumvi kwa mama mdogo, unakwenda kwa mama mdogo. Mjomba alipopata mchumba alimleta mwenyewe, mkono kwa mkono, akasema mbele ya nyanya, mama, ni mimi nasema. Hata alipohamia Mbita na simu zikajaa kila mfuko, hakutuma ujumbe. Alikuja. Akisimama mlangoni, nyanya alimwangalia mdomo akiongea, kama anayehakikisha.

Sasa ufuo ule si ule. Uwanja umejengwa vyumba vya kupanga. Boti zimepungua, omena wamepungua, nyavu za kuanikia zimewekwa juu ya meza za mbao kwa sababu za usafi, na ni vizuri, lakini hazinukii kama zamani. Timu ilikufa, hakuna aliyeizika. Watu wa rika langu hukutana wakisema enzi zile zilikuwa tamu, watu walipenda mpira wa kweli, walimjua kila mchezaji kwa jina la baba yake. Ni kweli walimjua. Ndiyo sababu naona aibu zaidi kwao kuliko kwa wale vijana wa Homa Bay, ambao angalau wanamuuza mtu wasiyemjua na mama yake hatapoteza beseni. Natamani kukumbuka utoto wangu kama wengine, kwa macho ya kufumba na moyo mweupe. Siwezi. Harufu ya lami ikinijia, na sauti zao zinakuja nayo.

Nyanya tulimzika mwaka jana. Watu walijaa, mahema, spika kubwa, mchele na nyama kama inavyotakiwa. Mwenyekiti alikuwepo, mzee sasa, kifimbo mkononi, na kwa kuwa ulimi wake haujazeeka alikuwa amepewa kazi ya kuongoza shughuli. Alisema vizuri, akachekesha, akaliza. Kisha akasafisha koo, akausogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Kabla huyu mama hajatuacha," akasema, "kuna maneno alinituma niwaambie watoto wake."

Mjomba alikuwa amekaa mstari wa mbele karibu na jeneza, mvi zimemjaa. Akainuka. Hakukimbia, hakukunja uso. Alitembea mpaka pale, akanyoosha ule mkono wake mrefu, akachukua kipaza sauti kama alivyokuwa akidaka mpira, kwa vidole, bila nguvu.

"Hapana, mzee," akasema. "Mama hakukutuma."

Akamrudishia kipaza sauti, akaenda kukaa karibu na mama yake.